Kutoka Sekondari ya Canada Hadi Vyuo Vigumu vya Marekani: Anza na Pesa, Kisha Mwalimu Mshauri

Mimi ni mwalimu mshauri katika shule ya sekondari ya umma pembezoni mwa Toronto. Kila Septemba wanakuja ofisini wanafunzi wa darasa la 12, wengine wameongozana na wazazi, na kusema wanataka Harvard, au MIT, au "chochote cha Ivy League", lile kundi la vyuo vinane maarufu vya Marekani. Wengi wana alama nzuri. Wachache mno wanajua kwamba utaratibu wa Marekani haufanani kabisa na wetu wa Ontario, na kwamba ilibidi waanze mwaka mzima nyuma. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu fomu za pesa hujazwa na wazazi, si watoto, na mzazi anayejaza fomu ya kurasa nyingi hahitaji kuongezewa mzigo wa lugha.

Hapa Ontario tumezoea jambo jepesi. Unachukua masomo yako 6 bora ya darasa la 12, yale ya kiwango cha U au M yanayomtayarisha mtu kwa chuo kikuu, wastani wake unapelekwa vyuoni kupitia OUAC, kituo cha maombi cha vyuo vikuu vya Ontario, na chuo kinatazama namba. Zipo programu zinazotaka zaidi ya hapo, kama Waterloo na fomu yao ya kujieleza iitwayo AIF, au, nje ya Ontario, UBC (University of British Columbia) na maswali yao ya wasifu, lakini kwa sehemu kubwa namba ndiyo inayoamua.

Yale, Stanford, Princeton na wenzao hawawezi kuamua kwa namba hata wangetaka, kwa sababu wenye namba nzuri ni wengi kuliko vitanda walivyonavyo. Katika kila waombaji 100, wanaokubaliwa hawafiki 5. Kwa hiyo wanasoma faili zima: alama za tangu darasa la 9, barua za walimu wawili, barua ya mwalimu mshauri, maelezo kuhusu shule, orodha ya shughuli, insha. Tazama vizuri orodha hiyo. Karibu nusu ya faili huiandiki wewe. Inaandikwa na shule ambayo pengine haijawahi kupeleka mwanafunzi hata mmoja katika chuo unachokitaka. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni kwamba uisaidie shule yako iweze kukusemea. Nitalifikia hilo. Kwanza pesa, maana pesa ndizo zinazoamua uombe wapi.

Pesa

Gharama kamili ya mwaka mmoja katika vyuo hivi, yaani ada, chumba, chakula na bima, inakaribia dola 90,000 za Marekani na kwingine imeshapita. Mkazi wa Ontario anayesomea sanaa au sayansi University of Toronto analipa ada ya dola 6,000 na kitu za Canada kwa mwaka. Mzazi akiziona namba hizo mbili hufunga mazungumzo, na simlaumu. Lakini bei ya kwenye tovuti siyo anayolipa kila mtu, na tofauti kati ya chuo na chuo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kuna vyuo ambavyo havitazami uwezo wako wa kulipa vinapoamua kukuchukua, hata kama wewe ni mgeni nchini mwao, na vikishakuchukua vinaziba pengo lote baina ya gharama na kile ambacho familia inaweza kutoa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown wamo katika kundi hilo. University of Pennsylvania ina utaratibu wake ambao wengi hawaujui: raia wa Canada na Mexico wanahesabiwa sawa na Wamarekani katika jambo hili, yaani kuomba msaada hakupunguzi nafasi yao ya kuchukuliwa. Kisha kuna vyuo kama Stanford ambavyo vina msaada mkubwa kwa wageni vinaowachukua, ila katika kuamua nani achukuliwe vinatazama kama ameomba msaada. Na mwisho kuna vyuo vya serikali za majimbo, Berkeley, UCLA, Michigan, ambako mgeni anatozwa bei ya juu na msaada wa kutazama kipato ni mdogo au haupo. Kila mwaka napata mtoto aliyeijaza UCLA kwa moyo wote bila mtu yeyote nyumbani kujua hilo.

Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025, Harvard ilitangaza kwamba familia yenye kipato cha dola 100,000 au chini haitalipa kitu, na yenye 200,000 au chini haitalipa ada, ilimradi haina mali nyingi pembeni. MIT wana mpango unaofanana na huo. Hizo ni dola za Marekani. Mama ambaye ni mhudumu wa wazee na baba ambaye ni dereva wa lori, wakiingiza pamoja dola 120,000 za Canada, wakibadilisha wanakuta wako chini ya 90,000 za Marekani. Familia ya namna hiyo huniambia, "Sisi si maskini, hatutapewa." Pigeni hesabu kwanza. Inawezekana kabisa Harvard ikawa rahisi kwenu kuliko kumpangishia mtoto chumba Kingston, hapa Ontario, kwenye Queen's University, kwa miaka 4.

Msaada unaombwa kwa fomu iitwayo CSS Profile. Kabla ya kuigusa, kusanyeni T4 (karatasi ya mshahara na kodi) za kila mzazi, T1 General (fomu ya kodi) ya mwaka unaoulizwa, na Notice of Assessment, barua ya tathmini ya kodi kutoka CRA, mamlaka ya kodi ya Canada. Mzazi anayeendesha teksi au Uber, au mwenye biashara ndogo, alete pia T2125, fomu ya mapato ya biashara, na ajue kwamba vyuo havimezi kila gharama uliyoitoa kwenye kodi. Nyingine vinairudisha kwenye kipato chako. Fomu inauliza pia mapato yasiyotozwa kodi, na posho ya watoto mnayopokea kutoka serikalini inaingia hapo. Kuhusu pesa mnazotuma kwa ndugu kila mwezi, kuna sehemu ya kueleza hali za pekee: andikeni hapo kiasi, zinaenda kwa nani, na ambatanisheni risiti za kutuma. Kama wazazi wametengana, vyuo vingi vitataka taarifa za wote wawili. Baba yuko nchi nyingine na hapatikani? Kila chuo kina utaratibu wake wa kusamehe sharti hilo. Uliza mapema, na barua kutoka kwa mtu wa nje ya familia, kiongozi wa dini au mfanyakazi wa jamii, husaidia sana.

Angalizo moja zito. Vyuo kadhaa havimruhusu mgeni kuomba msaada baadaye kama hakuomba alipokuwa anaomba nafasi. Usimsikilize anayekwambia ufiche hitaji lako ili uingie kwanza.

Na ukitazama video za ushauri mtandaoni, jua nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watoto wa Marekani. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, haikuhusu. QuestBridge, mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo, haikuhusu ukiwa unasoma sekondari ya Canada bila uraia wala ukazi wa kudumu wa Marekani. National Merit, tuzo yao ya wanafunzi bora, haikuhusu. Hapa kuna hali moja ya pekee: kama ulizaliwa Marekani wakati wazazi wako wakipita huko, wewe ni raia wao, unahesabiwa mwanafunzi wa ndani, na karibu kila nilichosema juu ya wageni kinageuka. Nimeshakutana na mwanafunzi aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha Ohio ndani ya kabati la mama yake na hakuna aliyefikiri kina maana yoyote.

Masomo, na kwa nini muhula wa kwanza una uzito

Shule nyingi za Ontario zinakwenda kwa mihula miwili: masomo 4 kuanzia Septemba, mengine 4 kuanzia Februari. Maombi ya mapema ya Marekani yanafungwa Novemba 1, kabla hujapata alama yoyote rasmi ya darasa la 12. Maombi ya kawaida yanafungwa siku za kwanza za Januari, wakati una alama za katikati ya muhula tu. Kisha mimi natuma ripoti ya nusu mwaka mwezi Februari, ikiwa na alama kamili za muhula wa kwanza. Wanaamua Machi.

Matokeo yake ni haya: masomo ya muhula wa pili wa darasa la 12, chuo kinayaona majina yake tu. Alama zako za darasa la 11 ndizo nguzo. Unapochagua masomo, jambo linalofanyika majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, mwambie mshauri wako akusaidie kuweka mawili matatu mazito katika muhula wa kwanza. Anayetaka uhandisi na MCV4U yake, yaani kalkulasi na vekta, iko Februari ameuficha ushahidi wake bora.

Vyuo hivi vinapenda kuona Kiingereza, hesabu, sayansi, historia au jamii, na lugha nyingine, kila moja kwa miaka kadhaa. Ontario inakuruhusu kuiacha historia baada ya darasa la 10 na Kifaransa baada ya darasa la 9. Usiviache vyote viwili. Kama shule yako haina AP wala IB, zile programu za masomo ya kiwango cha juu, tulia: unapimwa kwa kile kilichokuwepo shuleni kwako, mradi mtu awaambie ni nini kilichokuwepo.

Wa Quebec, maisha yenu ni tofauti. Sekondari inaishia mwaka wa 11, na njia iliyozoeleka ni kuomba ukiwa CEGEP, chuo cha kati kabla ya chuo kikuu, ambako mshauri wako atalazimika kueleza cote R, kipimo cha alama cha huko, kwa watu wasioijua. Wa Alberta, mitihani ya diploma ni asilimia 30 ya alama za mwisho, basi mshauri ataje hilo katika maelezo ya shule.

Mtihani

MIT, Harvard, Dartmouth, Brown, Caltech wamerudisha sharti la SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani. Yale wanakuruhusu kutumia AP au IB badala yake. Columbia walitangaza 2023 kwamba kwao ni hiari. University of California hawautazami kabisa. Sera hizi zimebadilika mara nyingi tangu 2020, kwa hiyo soma ukurasa wa chuo chenyewe katika mwaka wako, usitegemee alichofanya dada yako.

SAT siku hizi inafanywa kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14, kupitia programu ya Bluebook, ambayo ina mitihani kamili ya mazoezi bure. Khan Academy nao ni bure. Sioni sababu ya kulipa darasa la maelfu ya dola. Shida ya Canada ni viti: vituo vya mtihani ni vichache na vinajaa, hasa karibu na miji mikubwa. Jisajili mara tu tarehe zinapofunguliwa, fanya wa kwanza Machi au Mei ya darasa la 11, ubakize Agosti na Oktoba kama akiba. Kama umesoma kwa Kiingereza miaka yote ya sekondari, vyuo vingi havitakudai TOEFL, mtihani wa Kiingereza. Uliyefika Canada ukiwa darasa la 10 uangalie, kwa maana kwako sharti linaweza kuwepo.

Mwalimu mshauri na barua

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi.

Katika shule binafsi za Marekani, mshauri mmoja ana wanafunzi wachache na kazi yake kubwa ni hii hii. Mimi nina mamia. Nabadilisha ratiba, nashughulikia mtoto ambaye hajala, napokea simu za wazazi, natafuta nafasi ya mafunzo kazini. Wenzangu wengi hawajawahi kuifungua Common App, fomu ya mtandaoni ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, upande wa mshauri. Ukiwatumia mwaliko Oktoba 25 kwa maombi ya Novemba 1, watajaza sehemu za lazima na kuandika mistari 4. Haitakuwa chuki. Hawakujui, na hawajui kinachotakiwa.

Basi njoo Mei ya darasa la 11. Omba miadi ya nusu saa, usivamie ofisi wakati wa chakula cha mchana. Njoo na karatasi moja yenye majina ya vyuo, tarehe za mwisho, na vitu ambavyo shule itatakiwa kutuma: ripoti ya shule, nakala ya alama, maelezo ya shule, ripoti ya nusu mwaka, ripoti ya mwisho. Njoo na karatasi ya pili inayokuhusu wewe. Usirudie alama, ninazo. Niambie nisichoweza kukiona kwenye mfumo: kwamba unamlea mdogo wako jioni kwa sababu mama yuko zamu ya usiku, kwamba ulihama shule tatu, kwamba ulianguka kwenye kemia ya darasa la 11 mwezi ambao babu alifariki. Mambo hayo yakitoka kwangu yana uzito kuliko yakitoka kwako, kwa sababu ukiyasema wewe yanaweza kusikika kama udhuru.

Kisha uliza swali ambalo wanafunzi hawaulizi kamwe: "Mwalimu, shule yetu ina maelezo ya shule ya kutuma Marekani?" Ni waraka wa ukurasa mmoja au miwili unaosema shule ina wanafunzi wangapi, inatoa masomo gani, ina AP au haina, alama zinatolewaje. Shule nyingi za umma hazina, au zina wa zamani. Bila huo, msomaji wa Marekani anaona alama 84 na kuisoma kwa macho ya kwao, ambako 84 ni B tu. Kwetu Ontario kuanzia 80 ni kiwango cha 4, cha juu kabisa. Tena ripoti zetu za muhula huonyesha alama ya kati ya darasa zima, lakini nakala rasmi ya alama haionyeshi. Mtu mwenye 88 katika fizikia ambayo alama ya kati ni 69 ana hadithi nzuri inayopotea njiani. Mwombe mshauri aitaje kwenye barua yake au aambatanishe ripoti. Mimi hufanya hivyo nikikumbushwa, na sioni aibu kukumbushwa.

Usijaribu kubadilisha asilimia zako kuwa GPA ya 4.0, kipimo cha wastani cha Marekani, kwa kikokotoo cha mtandaoni. Shule isiyotoa GPA haina GPA. Acha wazi, au weka kipimo cha 100 kama shule inautoa wastani wa namna hiyo.

Walimu wawili wa barua wawe wamekufundisha darasa la 11 au 12 katika masomo ya msingi, na kama unaomba uhandisi mmoja awe wa hesabu au sayansi. Chagua anayekujua, hata kama hakukupa alama ya juu kuliko zote. Mwalimu aliyekuona ukirudi mara tatu na tatizo lile lile la vekta mpaka ukalimaliza ataandika barua ambayo yule aliyekupa 97 na hakumbuki sauti yako hawezi kuandika. Waombe Juni kabla ya likizo, uso kwa uso. Wape mambo mawili matatu ya kuwakumbusha, kwa sababu walimu wa Canada wamezoea kuandika barua fupi ya heshima isemayo ni mchapakazi, anafika kwa wakati, namtakia heri. Barua hiyo haiharibu, lakini haisaidii. Kwenye Common App kuna swali kama unaacha haki yako ya kuzisoma barua hizo, kubali kuiacha. Barua iliyoandikwa kwa siri inaaminiwa.

Mkishamaliza, waandikie wote ujumbe wa shukrani. Hili halina mkakati wowote ndani yake, ni adabu tu.

Shughuli na insha

Common App inafunguliwa Agosti 1. Inakupa nafasi 10 za shughuli, kila moja herufi 150 za maelezo, na herufi hizo zinaisha haraka kama salio la simu. Usiandike kwamba ulisaidia jamii. Andika ulifanya nini, kwa nani, mara ngapi: ulifundisha hesabu watoto wa darasa la 6 kila Jumamosi katika maktaba ya mtaa, ulianza na watatu, sasa ni 12.

Saa 40 za huduma ya jamii tunazozidai Ontario kila mwanafunzi anazo, kwa hiyo zenyewe hazikutofautishi na yeyote. Kazi ya Tim Hortons inakutofautisha zaidi. Kulea wadogo zako kunahesabika. Fomu ina kabisa kipengele cha majukumu ya familia, na watoto wetu hukiruka kwa sababu wanaona ni mambo ya kawaida ya nyumbani. Kiandikeni, na saa kwa wiki. Kwenye sehemu ya lugha, Kiswahili kiwekwe: unakisema, unakisoma, unakiandika. Wa hesabu, mtihani wa Euclid wa Waterloo mara nyingi hufanyika Aprili, basi ukiufanya darasa la 12 matokeo yanakuja wakati uamuzi umeshatoka. Ufanye darasa la 11.

Insha kuu ni maneno 650 yasizidi. Watoto wa familia za wahamiaji huambiwa na kila mtu waandike juu ya mateso ya safari. Ikiwa ndilo jambo unalotaka kulisema, lako hilo. Lakini hulazimiki kuuza msiba wa familia yako ili upate kiti. Nimesoma rasimu nyingi ambamo mateso ni ya wazazi, na mwandishi mwenyewe haonekani popote. Insha moja niliyoipenda sana iliandikwa na kijana aliyetengeneza baiskeli za watu kwenye maegesho ya chini ya jengo lao la ghorofa. Alieleza jinsi chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji inavyokula mnyororo, jinsi alivyojaribu mafuta ya aina mbalimbali, na jinsi alivyoweka daftari la nani analipa na nani hawezi. Hakusema popote kwamba yeye ni mdadisi au mkarimu. Msomaji alikuwa ameshaona.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwazuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo. Uamuzi huo huo uliacha mwombaji awe huru kueleza jinsi rangi au asili ilivyogusa maisha yake. Kwa hiyo usiogope kuwa ulivyo ndani ya insha.

Zaidi ya insha kuu, kila chuo kina maswali yake mafupi, na hayo ndiyo yanayomaliza nguvu. Common App inakuruhusu vyuo 20. Mimi nakwambia 6, labda 8. MIT wana fomu yao wenyewe nje ya Common App, na University of California vilevile. Kila ombi lina ada, nyingi zikizunguka dola 80 za Marekani. Kama ni mzigo, omba msamaha wa ada, nami nitaweka saini. Mshauri wa kulipwa anayetaka maelfu ya dola kukuhakikishia nafasi anakudanganya, kwa sababu hakuna awezaye kuhakikisha.

Tarehe na ahadi

Early Decision ni ahadi. Unasaini wewe, mzazi na mimi kwamba ukichukuliwa utakwenda, na utafuta maombi yako yote, pamoja na ya OUAC. Unaweza kuachiwa ikiwa msaada wa pesa hautoshi, lakini usiombe kwa utaratibu huu kabla ya kupiga hesabu. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana utaratibu mwingine wa mapema ambao haukufungi kwenda, ila unakuzuia kuomba mapema vyuo binafsi vingine vya Marekani. Vyuo vya Canada haviingii katika kizuizi hicho. Majibu ya mapema hutoka katikati ya Desemba, ya kawaida mwishoni mwa Machi. Saa ya mwisho kwenye Common App ni saa 5:59 usiku (11:59 p.m.) kwa saa za mahali ulipo, lakini tafadhali usiijaribu.

Na OUAC ijazwe kabla ya Januari 15, bila mjadala. Sitaki kumsikia mtu akiniambia hakujaza kwa sababu alikuwa na uhakika wa Cornell. Mei 1 ni siku ya kuwajibu Wamarekani. Vyuo vya Ontario vinakupa hadi mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo unaweza kulazimika kuamua kabla barua zote za hapa hazijafika. RESP, ile akaunti ya akiba ya elimu mliyoiwekea mtoto, inaweza kutumika katika chuo kikuu cha nje, msiivunje kwa hofu.

Ukishakubaliwa: mpaka

Raia wa Canada hahitaji viza ya mwanafunzi kubandikwa kwenye pasipoti. Anahitaji fomu ya I-20 kutoka chuoni, inayothibitisha kwamba amechukuliwa, na risiti ya ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350 za Marekani, kisha anaomba hadhi ya F-1, yaani ya mwanafunzi, pale pale mpakani au uwanja wa ndege.

Mkazi wa kudumu ambaye bado anatumia pasipoti ya nchi nyingine, au hati ya kusafiria ya mkimbizi, hana nafuu hiyo. Ni lazima aombe viza ya F-1 katika ubalozi mdogo wa Marekani na kuhojiwa. Juni 2025 Marekani ilitoa amri iliyozuia viza kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo, na viza za wanafunzi zimo. Orodha imeongezwa tangu hapo. Kwa hiyo kama familia yako imeshatimiza siku 1,095 za kuishi Canada ndani ya miaka 5, ombeni uraia sasa, mtoto akiwa darasa la 9 au la 10. Hii ni hatua ya kwanza ya maombi ya chuo ingawa hakuna mwongozo wa chuo unaoitaja, na inachukua miezi mingi.

Siku ya safari, huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20. Ukiondokea uwanja wa ndege wa Pearson, maafisa wa Marekani wanakukagua hapo hapo Toronto kabla ya kupanda ndege, basi I-20, risiti ya SEVIS, barua ya chuo na barua ya msaada wa pesa ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mwambie afisa waziwazi kwamba unakwenda kusoma. Raia wa Canada huvuka mpaka ule kama wageni wa matembezi kila siku, na afisa mwenye haraka anaweza kukuandika hivyo. Ukifika bwenini, fungua rekodi yako ya I-94, ya kuingia nchini, mtandaoni uhakikishe imeandikwa F-1. Ukikuta B-2, yaani mgeni wa matembezi, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo asubuhi inayofuata, kabla hujajiandikisha masomo.